Barua ya wazi kwa maafisa elimu: hesabu walizokosa watoto, mbona hakuna anayeziangalia?

Kwa Afisa Elimu Msingi wa wilaya yetu, Maafisa Elimu Kata, Wathibiti Ubora wa Shule, na walimu wakuu wote mnaosimamia madarasa ya chini.

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wenzangu wa rika langu habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, shule ya msingi ya serikali, shule ya kawaida kabisa kama nyingi mnazozitembelea, watoto wamejaa na madawati hayatoshi. Nimeamua kuandika hadharani kwasababu hili jambo tukiliongea vikaoni linaingia kwenye muhtasari halafu muhula unaofuata linarudi vilevile, na wanaoumia ni watoto wa miaka saba na nane ambao wao hawaitwi kwenye kikao chochote. Sitaji jina la shule wala la mtu maana sio shida ya shule moja.

Jambo lenyewe ni namna tunavyowaandaa hawa watoto kwa mtihani wa hisabati wa kufunga muhula.

Mwezi wa tano ukiingia tu kufundisha kunasimama. Ratiba inabandikwa mpya, kila asubuhi testi. Mapepa yanatafutwa kila kona, ya mwaka juzi, ya kata jirani, ya kununua stationery, ya kutumiwa kwenye grupu la WhatsApp la walimu, mengine hata hayajulikani yametungwa na nani. Maswali ishirini yanaandikwa ubaoni, watoto wananakili, wanafanya, mwalimu anasahihisha rundo la madaftari mpaka giza linaingia, maksi zinaandikwa juu kwa wino mwekundu, kesho pepa jingine. Mtoto aliyepata 6 Jumatatu, Ijumaa amepata 6 au 7, na Jumatatu inayofuata yuko palepale, na sisi tunasema tumewaandaa.

Swali langu kwenu ni hili, zile 14 alizokosa, nani amekaa akaangalia amezikosaje?

Naomba mnivumilie niingie kwenye hesabu zenyewe kidogo kwasababu hapa ndipo penye kiini, na najua wengi wenu mlishika chaki miaka mingi kabla ya kuingia ofisini kwahiyo mtanielewa.

Chukua mtoto ameandika 43 kutoa 18 ni 35. Ukimwekea mkasi, yaani alama ya kosa, ukaendelea na mbele umepoteza kitu kikubwa sana. Huyu mtoto hajabahatisha. Ameona 3 juu na 8 chini, 8 haitoki kwenye 3, kwahiyo akageuza, akatoa 3 kwenye 8 akapata 5, halafu 1 kwenye 4 akapata 3. Mpe 52 kutoa 27 atakuandikia 35 tena, mpe 61 kutoa 34 atakuandikia 33. Mara zote tatu amekosa, ila kosa ni moja tu, na ana kanuni yake kichwani anaifuata kwa uaminifu kabisa. Na kibaya zaidi ukimpa 76 kutoa 42 anapata 34, sahihi, kwasababu pale hakuna cha kukopa, kwahiyo kwenye pepa la maswali ishirini atapata baadhi na kukosa baadhi na mwalimu atasema huyu hayuko makini. Yuko makini. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ile kanuni yake haifanyi kazi, na kumwonyesha kwanini.

Au huyu mwingine, 27 kujumlisha 15 ameandika 312. Saba na tano ni kumi na mbili, akaishusha yote, mbili na moja ni tatu, akaiweka mbele. Kila kipande chake ni sahihi, ila hajui kwamba ile 12 ndani yake kuna kumi moja ambalo linatakiwa lihamie kwa makumi wenzake. Au mwambie aandike mia mbili na tano kwa tarakimu, anaandika 2005, ameandika kile alichosikia, mia mbili halafu tano. Au lile swali la nafasi wazi, 6 kujumlisha nafasi ni sawa na 9, anajaza 15, kwasababu tangu ameanza shule kila akiona alama ya kujumlisha na namba mbili anajumlisha, na kile kialama cha sawa na kwake maana yake ni weka jibu hapa.

Hao ni watoto wanne wenye shida nne tofauti kabisa na kila mmoja anahitaji kitu chake. Pepa la kesho litawapa wote kitu kimoja, mikasi mingine.

Kule kliniki mama akimpeleka mtoto kupimwa uzito, nesi hajazi tu namba kwenye kadi akasema haya nendeni, anaangalia ule mstari, ukishuka anauliza mtoto anakula nini, anaharisha, ananyonya vizuri. Sisi tunapima kila siku kwa wiki tatu nzima na hakuna anayeuliza.

Najua mtasema tatizo ni wingi wa watoto. Ni kweli, mwongozo wa serikali unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45 na wote tunajua madarasa ya kwanza na ya pili kwenye shule nyingi yanazidi mara mbili ya hapo. Sikatai. Lakini naomba tuangalie hiyo testi ya ubaoni inakula muda kiasi gani. Mtoto wa darasa la pili kunakili maswali ishirini toka ubaoni ni kazi ya karibu kipindi kizima, mkono bado mzito, penseli imevunjika, aliyekaa nyuma haoni, mwenye daftari lililojaa anatafuta ukurasa. Wengine wanafika swali la tisa kengele inalia. Yale kumi na moja hawakuyakosa, hawakuyafikia hata kuyaandika, lakini kwenye rejista yanasomeka wamekosa. Kwahiyo tunatumia asubuhi nzima kupima mwendo wa kuandika halafu tunaita hisabati.

Muda huohuo mimi nina uwezo wa kufanya kitu kingine. Vijiti. Kila mtoto anakuja na vijiti, nyumbani vipo, havinunuliwi, wanavifunga kumi kumi kwa kamba ya mgomba au mpira. Visoda pia, mbegu za ukwaju, kete, chochote. Mtoto anashika 43 mkononi, mafungu manne na vijiti vitatu. Mwambie nipe 18. Anakupa fungu moja, halafu anatafuta vijiti nane na anavyo vitatu, anakwama, anakuangalia. Hapo usiseme kitu. Baada ya muda yeye mwenyewe au jirani yake anasema mwalimu tufungue fungu. Akishalifungua lile fungu kwa mikono yake mwenyewe amekuwa na vijiti kumi na vitatu, anatoa nane, vinabaki vitano, na mafungu mawili, 25. Huyo kukopa ameshaelewa ni nini. Ukifanya hivyo siku mbili tatu mfululizo kwa vikundi, kisha ukaanza kuhamisha kidogo kidogo kwenda kwenye maandishi, ile 35 inapotea yenyewe. Nimeona kwa watoto wangu, na walimu wenzangu wanaofanya hivi watawaambia hivyohivyo.

Na sio lazima nisahihishe madaftari yote kila siku. Nikikaa na watoto watano watano, nikamwambia kila mmoja nieleze umepataje, kwa mdomo, ndani ya wiki mbili nimewapitia wengi kuliko mnavyodhani, na hao wengine wako kwenye vikundi na vijiti vyao na yule anayejua anamwelekeza mwenzake. Darasa litakuwa na kelele. Naomba Mthibiti Ubora akipita akakuta kelele ya watoto wanabishana 7 na 8 ni ngapi asiandike kwamba darasa halina utulivu.

Jingine ni jedwali la kuzidisha. Tunawaimbisha, na kuimba kuna faida yake sipingi, ila mtoto anaimba jedwali la tatu toka mwanzo mpaka mwisho vizuri sana, mkatishe muulize tatu mara sita ni ngapi, anaanza kuimba upya toka tatu mara moja mpaka aifikie. Kwenye mtihani ana dakika chache na amekatazwa kuimba. Huyo mpe visoda apange mistari mitatu ya visoda sita sita aone, halafu ageuze aone ni mistari sita ya visoda vitatu na jumla ni ileile. Hapo ameokoa nusu ya jedwali.

Halafu vidole. Jamani tuwaache wahesabu vidole. Kuna walimu wanawakataza, eti mtoto mkubwa hahesabu vidole. Ana miaka saba. Vidole ndio kifaa pekee ambacho hakisahauliki nyumbani, na vinaachwa vyenyewe namba zikishatulia kichwani.

Sasa nije kwenye pepa lenyewe, maana hapa ndipo nyinyi wakubwa mna neno kuliko sisi.

Mtihani unatoka juu, kata au wilaya, pepa moja kwa shule zote. Nia naielewa, mnataka kulinganisha. Ila pepa linakuja na mada ambazo shule nyingine haijafika, kwasababu kuna shule mwalimu mmoja anashika madarasa mawili, kuna shule walipoteza wiki za mvua, na huu mtaala mpya ulioanza Januari 2024 bado tunajipanga nao. Mtoto anakutana na kitu ambacho hajawahi kukiona, analia, na hii sio kwamba natia chumvi, darasa la kwanza wanalia kwenye chumba cha mtihani. Tunaomba kabla ya kutunga mtume mtu au hata ujumbe kwenye lile grupu letu, kila shule iseme imefika wapi, mtunge kwenye yale ambayo wote tumefundisha. Kama kuna shule imechelewa hiyo ni taarifa ya kushughulikiwa na watu wazima, sio ya kumfelisha mtoto.

Halafu uchapaji. Pepa linatungwa vizuri, linapigwa fotokopi ya fotokopi, likifika kwetu picha ya maembe ya kuhesabu imekuwa doa jeusi. Mtoto ahesabu nini pale. Bora mchore duara tu, duara nane zinazoonekana, kuliko maembe mazuri ambayo hayahesabiki.

Na maswali ya maneno. Juma ana maembe 12, akampa Asha 5, amebaki na mangapi. Kuna mtoto ukimsomea hilo swali anajibu kabla hujamaliza, ila mwenyewe hawezi kulisoma bado, herufi zinampiga chenga. Anapata sifuri ya hisabati kwa kosa la kusoma. Mnakumbuka ule upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wa darasa la pili wa mwaka 2013, kipindi kile cha mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, mtoto alikuwa anaitwa mmoja mmoja anakaa na mpimaji anajibu kwa mdomo. Kilichoonekana ni kwamba kutambua namba na kujumlisha kwa wepesi walikuwa wanajitahidi, walipoanguka ni kwenye kufikiri, namba inayokosekana, na hesabu ngumu kidogo za kutoa. Yaani yaleyale ya 43 kutoa 18. Mtaala wa KKK wa 2015 ukaja kwasababu ya hayo, na tukaambiwa watoto wajifunze kwa vitendo, zana, michezo. Tunafundisha hivyo Januari mpaka Aprili halafu mwezi wa tano tunarudi kulekule kwa zamani. Naomba angalau kwa darasa la kwanza na la pili maswali ya maneno mwalimu ayasome kwa sauti, mara mbili, na iandikwe kwenye maelekezo ya pepa ili msimamizi toka shule nyingine asiseme mwalimu anawasaidia.

Na swali la saa, hili nalisemea kila mwaka. Mtoto anaona mshale mfupi uko kwenye 8, sisi mdomoni tunasema saa mbili. Mtu mzima hahangaiki kwasababu ameishi nayo, ila mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna saa ya ukutani, kuna simu tu, na simu imeandika 08:00, anabaki haelewi aandike nane au mbili. Mtungaji mmoja anataka hivi mwingine anataka vile, na sisi hatujui tuwafundishe lipi la kwenye mtihani. Kubalianeni mtuambie, mstari mmoja tu unatosha.

Ila swali la fedha mkiliweka vizuri mtashangaa. Hawa watoto wanatumwa dukani kila siku. Kuna mtoto darasani kwangu jioni anakaa na bibi yake kwenye meza ya karanga na vitumbua, ukimpa noti ya elfu mbili ukachukua vya mia saba anakurudishia 1,300 bila hata kuangalia juu. Huyohuyo kwenye daftari 2000 kutoa 700 ameacha wazi. Hesabu anayo. Hatujamjengea daraja la kutoka mezani kwa bibi mpaka kwenye karatasi, na hilo daraja ndio kazi ya hizi wiki tatu.

Wazazi wanaosoma hii nao niwaambie moja tu, hamhitaji tuisheni ya hela kwa mtoto wa darasa la pili. Mtume dukani, akirudi muulize chenji imekuwaje, mwambie ahesabu ndoo za maji, agawe mihogo sawasawa kwa ndugu zake, alale mapema. Basi.

Kuna suala la pesa pia na nitalisema bila kuzunguka. Elimu msingi ni bila ada tangu 2016 na ruzuku iliyopangwa ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na hiyo sio yote inafika shuleni maana sehemu inabaki kwa ajili ya vitabu. Sasa testi za kila siku za fotokopi zinatoka wapi? Zinatoka kwa mzazi, mia mbili leo, mia tano wiki ijayo, na mtoto asiyeleta anatoka nje wenzake wakifanya. Mtoto yuleyule ambaye ndiye anayehitaji zaidi kuwa ndani. Vijiti havina mchango. Visoda havina mchango. Naomba mtoe katazo kabisa la kumtoa mtoto wa madarasa ya chini nje kwasababu ya hela ya pepa, na muombe shule zipunguze hayo mapepa mpaka libaki moja tu la kuzoea namna ya kukaa na kujibu, hilo nakubali lina umuhimu, mtoto ajue kuandika jina, namba yake, ajue swali linaanzia wapi.

Fimbo sitaizungumzia kwa urefu kwasababu kanuni ziko wazi, zile za mwaka 2002, ni mwalimu mkuu au aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, isizidi viboko vinne, kwa kosa kubwa la nidhamu, na inaandikwa kwenye kitabu. Kukosa 27 kujumlisha 15 sio kosa la nidhamu. Lakini nendeni wiki za maandalizi ya mtihani mkasimame nje ya madirisha mtasikia, kila hesabu iliyokosewa ina fimbo yake, na mtoto anayesubiri fimbo hawezi kufikiri, anaangalia mkono wa mwalimu, anaandika namba yoyote ili zamu yake ipite. Halafu ile namba yoyote ndio inaharibu kila kitu nilichosema pale juu, maana sasa hata kosa lake halina habari ndani, limekuwa woga tu. Hili ni la kusimamia, sio la kukumbushana.

Tukio jingine linaloniumiza ni siku ya kufunga shule, wazazi wamekaa, majina yanasomwa toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Darasa la watoto zaidi ya mia. Mtoto wa miaka saba anasikia jina lake linatajwa mwishoni kabisa mbele ya mama yake na majirani, na mama anatembea naye kurudi nyumbani kimya. Nafasi haimwambii yule mama kitu cha kufanya. Ningemwambia, mama, mwanao anajumlisha vizuri mpaka 99, kukopa ndio bado, hii likizo mpe vijiti mcheze mchezo wa kufungua fungu, mama angejua la kufanya hata kama yeye aliishia darasa la nne. Kwa darasa la kwanza na la pili naomba nafasi ziondolewe, ripoti iseme anaweza nini na bado nini. Karatasi ni ileile, nusu ukurasa inatosha.

Na ratiba ya siku yenyewe. Hisabati isiwekwe saa tano asubuhi baada ya Kiswahili. Wapo watoto ambao toka jana usiku hawajala, kama shule haina uji basi saa tano mtoto ameshaisha. Iwekwe ya kwanza kabisa, asubuhi, na shule zenye uji wanywe kwanza. Hili halihitaji bajeti.

Presha mliyonayo naielewa, msidhani siielewi. Darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, mwaka 2027 darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja, huko juu mnaulizwa ufaulu, na nyinyi mnatuuliza sisi. Kidato cha nne miaka hii ya karibuni wanaofaulu hisabati ni kama mmoja kati ya wanne au watano, na kila matokeo yakitoka tunaongelea walimu wa sekondari. Mimi naamini wengi wa wale waliobaki walipotelea huku kwetu, siku ile aliandika 35 akawekewa mkasi na hakuna aliyemuuliza. Kidato cha kwanza mtu anapewa aljebra na bado kichwani alama ya sawa na maana yake ni weka jibu hapa. Mwalimu wa sekondari afanye nini?

Kwahiyo ombi langu kubwa, yale mengine yote hata mkiyaacha hili msiliache, ni kuhusu yale mapepa baada ya mtihani. Sasa hivi tukishasahihisha tunajaza fomu, waliopata A wangapi, B wangapi, C, D, E, wastani wa shule, inakwenda kata, inakwenda wilaya, shule inafungwa, mapepa yanakaa stoo mpaka yaliwe na mchwa. Mwezi wa saba tunafungua na mada mpya. Hakuna mtoto anayeona tena pepa lake.

Naomba fomu ibadilishwe. Pamoja na hizo A na B, muongeze mistari mitatu tu, swali gani limekosewa na watoto wengi zaidi, wamekosaje, na mwalimu atafanya nini. Mkipata hiyo kutoka shule zote za kata Afisa Elimu Kata ataona mwenyewe, kama shule zote zimeangukia kwenye kukopa basi siku ya mafunzo ya walimu kazini mnajua mtazungumza nini, hamtaleta mada ya jumla jumla. Na wiki ya kwanza ya muhula wa pili iwe ya mapepa, kila mtoto arudishiwe lake, tukae nayo na vijiti, tufanye upya yale aliyokosa mpaka ayapate, ndio tuanze mada mpya.

Naomba iwe kwa maandishi. Nasema hivi kwasababu mwalimu akiamua mwenyewe kurudia mapepa wiki nzima mwezi wa saba, mwalimu wa taaluma atamuuliza andalio la somo liko wapi na mbona yuko nyuma ya azimio la kazi, na mwalimu mkuu hata akikubaliana naye ataogopa mkija kukagua. Barua moja ya nusu ukurasa kutoka ofisini kwenu kabla ya shule kufungwa inamaliza hilo. Mapepa ya watoto wangu nitayafungia kwenye kabati la ofisi, kila mtoto na lake, nikisubiri hiyo barua.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa darasa la pili